Kaa, mbuzi na helikopta ya Farao: hiroglifi husomwaje?

"Mjomba, kumbe Mafarao walikuwa na helikopta?"

Ujumbe wa mpwa wangu uliingia usiku, ukifuatiwa na picha ya boriti ya mawe kutoka hekalu la Abydos, kule Misri. Ukiitazama haraka huwezi kumlaumu. Panga za juu zipo, mkia upo, hata kioo cha rubani utakiona ukishaamua kukiona. Tangu Jumba Kuu la Makumbusho la Misri lilipofunguliwa rasmi karibu na piramidi za Giza, tarehe 1 Novemba 2025, picha za namna hiyo zimerudi kwa kishindo kwenye makundi ya WhatsApp, kila moja na fasiri yake. Huyu anasema ni siri za makuhani. Yule anasema ni emoji za kale. Wa tatu ana uhakika kwamba wanaotajwa mle ni wageni kutoka sayari nyingine.

Helikopta tutaifikia. Kwanza tuondoe kosa linalozaa mengine yote: kudhani kwamba hiroglifi ni picha. Zimechorwa kwa umbo la picha, ndiyo, lakini ni maandishi kama haya unayoyasoma sasa. Zina sauti, zina sarufi, na karani mvivu alikosea tahajia kama mimi na wewe tunavyokosea.

Jina lenyewe ni la Kigiriki, limeunganishwa kutokana na maneno mawili, "takatifu" na "kuchonga". Wamisri wenyewe waliziita "maneno ya mungu", wakiamini kwamba mungu wao Thoth ndiye aliyewapa watu maandishi. Hizi nzuri zenye ndege na macho zilikuwa za kuta za mahekalu, makaburi na sanamu. Kwa hesabu za ghala au barua ya kudai deni, karani alitumia mwandiko wa mkono wa haraka, unaoitwa hieratiki, kwa kalamu ya unyasi na wino juu ya karatasi ya mafunjo. Baadaye ukazuka mwandiko wa haraka zaidi, demotiki. Fikiria tofauti iliyopo kati ya herufi kubwa za bango la duka na mwandiko wa daktari kwenye cheti cha dawa. Lugha ni ileile; mkono ndio umebadilika.

Chora kaa

Sasa tuingie jikoni kwenyewe. Tuseme Kiswahili hakina herufi hata moja, una mkaa na ukuta tu, na unataka kuandika "mgonjwa". Utachora mtu amelala kitandani. Vizuri. Sasa andika "kaa", lile la kumkaribisha mgeni. Unachoraje? Ukichora kiti, mtu atasoma "kiti". Ukichora mtu aliyeketi, atasoma "mzee".

Njia iko. Chora kaa wa baharini, yule mwenye magando. Mswahili yeyote akimwona atatamka "kaa", na hapo mnyama amemaliza kazi yake. Kilichobaki ni sauti. Kwa ujanja huohuo utachora mbuzi wa kufugwa ukimaanisha mbuzi ya kukunia nazi, na paa wa porini atakusaidia kuandika paa la nyumba, au kupaa kwa ndege. Vijana wetu wanaufanya mchezo huu kila siku kwenye simu bila kujua kwamba una miaka zaidi ya elfu tano. Anayekuandikia "2po njiani" hakuambii kwamba wako wawili. Wanaweza kuwa saba. Ameichukua tarakimu kwa sauti yake, maana yake akaiacha pembeni.

Sasa mlete mgeni asiyejua Kiswahili, umwoneshe ule ukuta wako. Anamwona kaa, na anaambiwa na watu kwamba hapo pameandikwa "keti". Kwa kuwa hajui sauti, atatafuta sababu. Ataandika kitabu kizima kueleza kwamba wahenga wa pwani walimwona kaa kuwa alama ya utulivu, kwa vile hujichimbia shimo lake na kutulia humo. Kitasomwa sana kitabu hicho, na kitakuwa upuuzi mtupu.

Nacheka, lakini ndivyo ilivyotokea. Katika karne ya 5 BK, ujuzi wa hiroglifi ukiwa umeshakata roho, kilitungwa kitabu kinachohusishwa na mtu aitwaye Horapollo. Kilisema sungura huchorwa kumaanisha "kufungua" kwa sababu sungura hafumbi macho kamwe. Bata bukini huchorwa kumaanisha "mwana" kwa sababu anawapenda mno vifaranga wake. Maana zote mbili ni sahihi kabisa! Sababu ndizo za kubuni. Katika Kimisri cha kale alama ya sungura ilikuwa na sauti *w-n*, na neno la kufungua lilikuwa na sauti hizohizo. Bata alisomeka *sa*, na *sa* ni mwana. Ni kaa na kaa tu. Nakala ya kitabu hicho ilipatikana katika kisiwa kimoja cha Ugiriki mwaka 1419, ikapelekwa Florence, na kwa karne kadhaa wasomi wa Ulaya wakatafuta hekima ya siri ndani ya kila manyoya ya ndege aliyechongwa. Mlango ulikuwa wazi muda wote; wao walikuwa wakiugonga ukuta.

Konsonanti bila irabu

Hapa mambo yanaanza kuwa mazito kidogo, lakini tusonge. Hiroglifi ziliandika konsonanti peke yake. Irabu hazikuandikwa. Kwa lugha yetu hilo lingekuwa balaa: ukiandika *p-t* tu, msomaji atajuaje kama ni pata, pita, pete, peta au puto? Kimisri cha kale kilivumilia zaidi kwa kuwa ni ndugu wa mbali wa Kiarabu, lugha ambayo uzito wa neno hukaa kwenye konsonanti. Tazama maneno tuliyokopa huko: kitabu, katibu, maktaba. Irabu zinahama, *k-t-b* haibanduki.

Hata hivyo utata ulibaki, na dawa waliyoipata ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Mwishoni mwa neno waliongeza alama isiyotamkwa, ya kumwonesha msomaji neno hilo linahusu nini. Tuite kielekezi. Katika mfano wetu, *p-t* ikifuatiwa na miguu inayotembea ni "pita". Ikifuatiwa na kidole ni "pete". Ikifuatiwa na ungo, mama yuko uani anapeta mchele. Na kwa kuwa hawakuacha nafasi kati ya maneno, kielekezi kiliwaambia pia kwamba neno limekwisha.

Mfano wao halisi ni alama ya nyumba, mstatili wenye uwazi wa mlango upande wa chini. Sauti yake ni *p-r*. Ukiweka kijistari kimoja chini yake, unasema: soma kama kilivyo, hii ni nyumba. Ukiweka mdomo (sauti *r*, kukazia) na miguu inayotembea, linakuwa neno jingine kabisa, "kutoka", ambalo nalo lilikuwa na konsonanti *p-r*. Na alama hiyohiyo ya nyumba ikikaa mwishoni mwa neno lingine, hainyamazi bure. Inakuambia hapa tunazungumzia jengo. Kitu, sauti, kielekezi. Ukishaelewa kwamba alama moja inaweza kufanya yoyote kati ya kazi hizo tatu, umeelewa kilichowashinda watu kwa zaidi ya miaka elfu moja na mia nne.

Katika Kimisri cha kipindi cha kati cha historia ya Mafarao alama zilizotumika kwa kawaida zilikuwa takriban 700. Kati ya hizo, kama ishirini na nne hivi zilibeba konsonanti moja moja: bundi alikuwa *m*, mdomo *r*, mawimbi ya maji *n*, mguu *b*, nyoka mwenye vipembe *f*. Wangeweza kuandika kila kitu kwa hizo peke yake. Hawakutaka, na sioni kwa nini tuwadai waombe radhi. Ukuta wa hekalu ulitakiwa upendeze.

Tusome jina moja. Farao kijana ambaye hazina yake ya vitu zaidi ya 5,000 sasa iko chini ya paa moja pale Giza ameandikwa ndani ya kitanzi kirefu cha mviringo. Kitanzi hicho kiliwekwa kuzunguka majina ya wafalme, na wataalamu hukiita kartushi, kwa neno la Kifaransa la risasi, kwa sababu ndivyo kilivyofanana machoni pa wanajeshi wa Napoleon. Ndani tunakuta jani la unyasi (*i*), ubao wa mchezo wenye kete (*m-n*) na maji (*n*, kukazia): hapo ni Imn, yaani mungu Amun. Kisha mkate (*t*), kifaranga cha tombo (*w*), mkate tena (*t*): tut, "mfano" au "sura". Mwisho, ule msalaba wenye kitanzi kichwani: ankh, "hai". Imn-tut-ankh. Lakini sisi tunamwita Tutankhamun! Ni adabu. Jina la mungu lilitangulizwa kwenye maandishi hata kama linatamkwa mwisho, kama mgeni rasmi anavyoketishwa mbele ingawa zamu yake ya kuongea ni ya mwisho. Jina lote maana yake ni "sura hai ya Amun".

Uelekeo nao usikutishe. Waliandika kutoka kulia, kushoto, hata juu kwenda chini. Tazama ndege na watu wamegeukia wapi, kisha uanze upande ule wanakotazama. Unawaendea usoni.

Jiwe la Rashid halikuwa kamusi

Watu wengi wamesikia habari za Jiwe la Rosetta, na wengi wamezisikia vibaya. Rosetta ni Rashid, mji wa bandari kwenye delta ya Nile, ambako wanajeshi wa Ufaransa waliliona jiwe hilo Julai 1799 walipokuwa wakikarabati ngome. Waingereza walilichukua baada ya kuwashinda Wafaransa mwaka 1801, na tangu 1802 liko London, jambo ambalo wataalamu wa Misri hawajaacha kulilalamikia. Nami nipo upande wao, lakini hayo ni ya siku nyingine.

Husemwa kwamba jiwe lina lugha tatu. Hapana. Lina miandiko mitatu na lugha mbili. Juu kuna hiroglifi, katikati demotiki, chini Kigiriki. Mbili za juu zote ni Kimisri. Ni kama tangazo lililobandikwa Lamu kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, Kiswahili cha herufi za Kirumi, na Kiingereza. Na tangazo lenyewe halina siri yoyote: ni azimio la makuhani la mwaka 196 KK la kumsifu Ptolemy wa Tano, mfalme wa Misri wa nasaba ya Kigiriki, ambaye pamoja na mengine alikuwa amewapunguzia kodi.

Husemwa pia kwamba jiwe lilipopatikana, hiroglifi zikafunguka. Ilichukua miaka 23. Sehemu ya juu imevunjika, kwa hiyo kuna mistari 14 tu ya hiroglifi, tena iliyokatika. Lakini kikwazo kikubwa kilikuwa vichwani. Thomas Young, daktari wa Kiingereza mwenye akili nyingi, alitambua jina la Ptolemy ndani ya kartushi, na kwamba alama zake zilikuwa na sauti. Akadhani sauti zilitumika kwa majina ya kigeni tu. Yale mengine, aliamini, ni mawazo yaliyochorwa. Kaa ni utulivu.

Jean-François Champollion, Mfaransa aliyezaliwa 1790, naye aliamini hivyo kwa muda mrefu. Alichokuwa nacho zaidi ya wenzake ni Kikopti. Hiyo ni lugha ya Wakristo wa Misri, na ndiyo umbo la mwisho la Kimisri cha kale, ikiandikwa kwa herufi za Kigiriki na chache zilizochukuliwa kutoka demotiki. Ibada za Kanisa la Kikopti zinaitumia hadi leo. Champollion alijifunza Kikopti tangu akiwa kijana, akakijua mpaka akawa anaongea nacho peke yake.

Septemba 1822 alipata michoro ya kartushi kutoka Abu Simbel, hekalu lililojengwa karne nyingi kabla Mgiriki yeyote hajaitawala Misri. Mojawapo ilianza na duara, ikafuata alama asiyokuwa na uhakika nayo, kisha *s* mbili alizozijua kutokana na jina la Ptolemy. Duara ni jua. Jua kwa Kikopti ni *re*. Ile ya katikati aliihusisha na neno la Kikopti la kuzaa, *mise*. Re-ms-s. Ramesses! Farao mwenyeji wa Misri, jina lake limeandikwa kwa sauti, na maana yake iko palepale: "Ra ndiye aliyemzaa", Ra akiwa ndiye mungu wa jua. Inasimuliwa kwamba alitoka mbio hadi ofisini kwa kaka yake, akapaza sauti kuwa ameipata, akaanguka na kuzimia. Barua yake kuhusu ugunduzi huo ilisomwa mbele ya wasomi wa Paris tarehe 27 Septemba 1822. Miaka kumi baadaye alikuwa amefariki, akiwa na umri wa miaka 41.

Tunajua nini, hatujui nini

Mpwa wangu aliuliza kama basi sasa tunaweza kuongea kama Mafarao. Hatuwezi. Irabu hazikuandikwa, na zile *e* unazoziona katika "Nefertiti" zimetiwa na wataalamu ili ulimi upite. Kikopti kinatusaidia kukisia, na majirani walioandika irabu wanatusaidia pia: katika barua za maandishi ya kikabari, yenye alama za umbo la kabari, ambazo Wamisri walipelekeana na Wahiti, watu wa Uturuki ya leo, jina la Ramesses linaonekana kama Riamashesha. Huenda angelisikia tunavyolitamka leo asingegeuka.

Kule Meroe, katika Sudan ya leo, ni kinyume chake. Watu wa Kush, ufalme wa kale wa huko, waliazima maumbo ya Misri wakajitengenezea mwandiko wao wa alama 23. Sauti zake zilitambuliwa mwanzoni mwa karne ya 20 na Mwingereza Francis Griffith. Tunaweza kuusoma ukuta wa Meroe kwa sauti, mstari kwa mstari, na sehemu kubwa ya tunachokisoma hatukielewi, kwa sababu lugha yenyewe imetupotea. Ni kama mtoto wa madrasa aliyehitimu Kurani kwa tajwidi nzuri kabla hajajua Kiarabu. Misri maana tunayo, matamshi yana mashimo. Meroe matamshi yapo, maana imefungiwa.

Na wale wanaotafuta siri za makuhani wasome orodha moja iliyoandikwa kwa hieratiki kwenye kipande cha mawe, mwaka wa 40 wa utawala wa Ramesses wa Pili. Inatoka Deir el-Medina, kijiji cha mafundi waliochonga makaburi ya wafalme. Ni daftari la mahudhurio. Huyu hakuja kazini, ameumwa na nge. Huyu anatengeneza pombe. Huyu anamsitiri mama yake aliyefariki. Kuna pia utungo mashuhuri wa baba anayempeleka mwanawe shule ya ukarani, na njia nzima anazisimanga kazi nyingine: dobi, anasema, anafua ukingoni mwa mto jirani na mamba. Waliojua kusoma walikuwa wachache sana, na walitaka watoto wao wawe miongoni mwa wachache hao.

Haya, helikopta. Lile hekalu la Abydos lilijengwa na Seti wa Kwanza, na mafundi wakachonga kwenye boriti sifa zake, kwamba ndiye anayezirudisha nyuma Pinde Tisa, yaani maadui wote wa Misri. Akaja mwanawe, Ramesses wa Pili, akataka sifa zake mwenyewe mahali palepale: anayeilinda Misri na kuzishinda nchi za kigeni. Mafundi wakaziba michongo ya zamani kwa plasta, wakachonga mipya juu yake. Miaka elfu tatu na ushei baadaye plasta imedondoka, na maandishi mawili yamebaki yamelaliana. Umeona kibao cha duka kilichopakwa rangi upya, jua likaila rangi ya juu, sasa "Saluni" inachungulia chini ya "Vifaa vya Umeme"? Ndiyo hiyo. Rubani hakuwepo.

Nilimwandikia mpwa wangu hayo kwa kifupi. Akakaa kimya, kisha akauliza kama kuna mtu anayeziandika hiroglifi siku hizi, maana maandishi ya mwisho yenye tarehe yalichongwa kisiwani Philae tarehe 24 Agosti 394. Nikamwambia habari za Serabit el-Khadim, kwenye machimbo ya feruzi ya Sinai, ambako takriban miaka 3,800 iliyopita watu wa lugha jamaa ya Kiarabu waliziona alama za Wamisri wakazichukua kwa ajili ya sauti za lugha yao. Kichwa cha ng'ombe, ambaye kwao aliitwa *alp*, kikawa sauti ya kwanza. Nyumba, *bet*, ikawa *b*. Maji, ambayo kwa Wamisri yalikuwa *n*, kwao yakawa *m*, kama yalivyo *maa* katika Kiarabu. Kichwa cha mtu kikawa *r*, kama tunavyosema rasi. Kutoka hapo tawi moja likaenda kwa Wafoinike, Wagiriki na Warumi. Jingine likaishia kwenye alifu, bee, tee. Miandiko yote miwili iliyokiandika Kiswahili imetoka kwenye shina hilo.

Hakuamini. Nikamwambia aandike A kubwa kwenye karatasi, aigeuze juu chini, aniambie anaona nini.

"Pembe, mjomba."